Shangazi Anakabidhi Funguo za Ukumbi

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa kumi alasiri, mratibu wa vijana wa kanisa letu atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi na wachungaji watano, ameuona ukumbi wa vijana ukipakwa rangi mara tatu, na amechelewa kazini mara moja tu, siku aliyong'olewa jino. Kwenye majalada ya ofisi ana jina lake kamili. Kwingine kote anaitwa Shangazi, na wanaomwita hivyo wengine sasa wana mvi, ingawa kaka yake wa pekee hana mtoto hata mmoja.

Mimi ni katibu muhtasi wa ofisi ya kanisa. Meza yangu na ukumbi wa vijana vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimesikia kila kinachoendelea upande wa pili, nipende nisipende. Kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wote walinigeukia mimi, wakasema hakuna anayemfahamu Shangazi kama mimi. Nikakubali haraka haraka, tena kwa maringo kidogo.

Shangazi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea duka la vitabu. Alikuta vijana kumi na mmoja na kinanda kilichokuwa kizima upande wa kulia tu. Siku hizo kijana wa miaka kumi na minne alikuwa na kazi mbili kanisani: kupanga viti kabla ya ibada na kunyamaza wakati wa ibada. Habari za karama zilikuwa za watu wazima. Mzee mmoja wa kanisa alimweleza kwa upole kwamba karama ya kijana huonekana akishaoa. Shangazi akamshukuru, akaenda kununua karatasi za manila.

Karatasi hizo alizikata kadi. Na hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao kila mzazi wa hapa anaujua na wengi waliupigia kelele. Kijana akijiunga, kwa miezi mitatu haruhusiwi kupewa kazi yoyote. Anapewa kiti karibu na mlango. Anaweza kukikalia, anaweza kuzunguka, anaweza kula biskuti na kuwachokoza wenzake. Shangazi anaangalia tu: huyu anafanya nini wakati hajatumwa? Miezi mitatu ikiisha anamwita, wanazungumza, kisha anajaza mstari wa mwisho wa kadi, ulioandikwa “Karama”. Wazazi walipomuuliza kwa nini asimuulize mtoto mwenyewe kuanzia siku ya kwanza, alijibu, “Ukimuuliza anaweza nini, atakutajia anachotaka mama yake.”

Fundi bomba wetu anaweza kuthibitisha hilo, isipokuwa kwake aliyetaka ni baba. Alimleta mwanawe na kinanda kipya juu, kijana apige muziki ibadani. Mtoto wa watu hakuwa na sikio hata la dawa. Lakini Shangazi aliona kwamba kila mazoezi yakiisha, wenzake wakikimbilia nje, yeye anachuchumaa na kufumbua nyaya zilizosokotana, moja moja, kwa subira ambayo mimi sina hata kwa uzi wa kushonea. Leo ndiye fundi mitambo wa sauti, na anaitwa hadi makanisa mengine. Kinanda kilipata mpigaji mwingine, na fundi bomba alinuna kwa miezi minne hivi.

Shangazi pia ndiye aliyeanzisha ibada ya vijana, kila mwezi wenye Jumapili tano. Ile ya kwanza alihubiri binti wa miaka kumi na mitatu. Mahubiri yalichukua dakika nne. Aliposema “Amina” na kushuka, wazee waliendelea kukaa na Biblia zao wazi, wakidhani hizo zilikuwa salamu. Mchungaji wa wakati ule alituambia ofisini kesho yake kwamba alilala akiyakumbuka maneno ya yule mtoto neno kwa neno, jambo ambalo hakuwa na hakika kama waumini wanalifanya kwa mahubiri yake.

Mpaka leo kabati la Shangazi lina kadi mia nne na kumi na mbili. Wengi wa wenye kadi hawapo hapa tena. Kijana akishajua anachoweza, dunia nayo inajua, na inamwita. Shangazi amewasindikiza kwenda vyuoni, kazini na kwenye ndoa zao. Anaalikwa harusi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na mara zote huwekwa meza ya “wageni wengine”, kwa sababu si ndugu wa bwana harusi wala wa bibi harusi. Picha huwa anapelekewa.

Sasa nifike kwenye kosa lake, maana mwenyewe ameniomba nisilifiche. Miaka ishirini na ushee iliyopita, kabla sijaajiriwa lakini nikiwa tayari najitolea hapa ofisini siku za Jumamosi, alikuja binti wa miaka kumi na minne, kimya kama maji mtungini. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Katika ile miezi mitatu ya kutotumwa, yeye alipanga viti, akafuta vumbi, akahesabu vitabu vya nyimbo. Shangazi akaandika kwenye kadi: “Karama: utumishi.” Tulimsifu hadharani. Alipewa cheti. Akina mama waliwaambia binti zao wamtazame mwenzao. Tukamwita Binti wa Viti.

Jumamosi moja jioni Shangazi alitaka kufunga ukumbi, binti akaomba ahesabu vitabu mara ya pili. Shangazi akaona giza linaingia, akamsindikiza hadi kwao. Mama yake alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, baba alifanya kazi mbali na kurudi mara mbili kwa mwaka. Binti alitoa ufunguo ndani ya soksi, akaingia, akawasha taa ya sebuleni, ya jikoni na ya kila chumba, kisha redio, ndipo akarudi mlangoni kusema kwaheri. Alieleza kwamba hufanya hivyo ili nyumba ionekane ina watu.

Jumamosi iliyofuata Shangazi aliingia ofisini, akaiweka ile kadi mbele yangu. “Nimemwandikia karama,” alisema, “kumbe ni upweke.” Mimi nilikuwa na barua ya kupiga chapa. Nilimjibu kwamba hata hivyo viti vimepangwa vizuri.

Yeye hakuishia hapo. Alichukua kadi zote zilizokuwepo, akaongeza kwa mkono mstari mmoja juu ya ule wa karama: “Anarudi nyumbani kwa nani?” Kisha akabandika ukutani ratiba ya kualikana, ambayo ipo mpaka leo. Kila Jumamosi baada ya mazoezi, kijana ambaye nyumba yake ni tupu jioni hiyo haendi kwake moja kwa moja. Anakwenda kula kwa mwenzake, na baba wa nyumba hiyo anamrudisha. Wa kwanza kumpokea Binti wa Viti alikuwa fundi bomba, ambaye alikuwa ameshaacha kununa.

Binti mwenyewe alirudishwa kwenye kiti cha karibu na mlango, miezi mitatu mingine, na akakatazwa kugusa samani yoyote. Alikasirika mwezi mzima. Lakini alipokosa viti vya kujifichia ilibidi awatazame watu, na alipowatazama vya kutosha akaanza kuwaiga. Alimwiga mchungaji anavyokohoa mara mbili kabla ya matangazo. Aliniiga mimi nikiongea na simu. Mchungaji alicheka hadi akavua miwani, mimi nilicheka baadaye kidogo. Karama iliyoandikwa kwenye kadi ya pili ni maigizo, na michezo yake imewaliza na kuwavunja mbavu watu wa kanisa hili kwa miaka mingi. Sasa ana miaka thelathini na tano, na kuanzia Jumatatu tarehe 1 Desemba ndiye mratibu wetu mpya.

Ningependa kuumalizia wasifu huu hapo, ungekuwa mzuri. Lakini wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa Shangazi kumuuliza maswali ya kawaida, na mojawapo lilikuwa: Jumamosi utakuwa unafanya nini? Alicheka. Alisema bado hajajua, atajua ikifika. Kisha akauliza, kama kitu kidogo tu, iwapo anaweza kukaa na funguo za ukumbi wiki moja zaidi, apange kabati. Kanuni zinataka funguo zikabidhiwe siku ya mwisho ya kazi. Na kabati nililiona kwa macho yangu. Hakukuwa na cha kupanga humo, hata penseli zilikuwa zimelala upande mmoja.

Nilirudi mezani kwangu, nikashika tama. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi vijana wakishaondoka kwenda kwa wenyeji wao, nimesikia kupitia ule ukuta viti vikipangwa. Halafu kimya. Halafu vikipangwa tena. Nyumbani nilikuwa nikiwasimulia wanangu kama kichekesho, kwamba Shangazi hupanga viti mara mbili. Mume wangu akicheka, nami nikicheka, chakula kikiwa mezani. Ofisi nayo imempa vyeti vitatu vya bidii ya kazi na saa ya ukutani. Ratiba ya kualikana ameiandika yeye, kila wiki, kwa miaka zaidi ya ishirini, na jina lake halijawahi kuwemo, si kwa wenyeji wala kwa wageni. Yeye alibaki kufunga mlango. Hilo ndilo lililonitia aibu, na bado linanitia. Nilikuwa nimeonyeshwa kosa hilo hilo kwenye kadi, mezani kwangu, na nikaendelea kupiga chapa.

Nilimweleza mratibu mpya. Alifungua lile kabati, akatoa kadi tupu, akaiandika akiwa amesimama. Ninainakili hapa kwa ruhusa yake. Shangazi ataisoma wakati mmoja nanyi, na kama atakasirika, mwenzake naye alikasirika mwezi mzima akapona.

Jina: Shangazi.
Umri: sitini.
Anarudi nyumbani kwa nani? Hatukuwahi kumuuliza.
Karama: bado tunaangalia. Asipewe kazi yoyote kwa miezi mitatu, viti vikiwemo.
Mwenyeji wa Jumamosi ya kwanza: katibu muhtasi.

Basi, Shangazi, kwa niaba ya wachungaji, wazee, watumishi wenzako na wale mia nne na kumi na wawili popote walipo, tunakushukuru. Uliwaangalia watoto wetu kabla ya kuwatuma. Hakuna aliyetufanyia hivyo sisi tulipokuwa na umri wao, na wengi wetu mpaka leo tunakisia tu.

Ijumaa kabidhi funguo, zote, pamoja na ule wa akiba unaodhani hatujui unauweka wapi. Jumamosi ya tarehe 29 kiti chako kitakuwa karibu na mlango, na biskuti zipo. Mazoezi yakiisha atafunga mtu mwingine. Kwangu kuna kelele: watoto wanne, na mume anayesimulia mpira kana kwamba alikuwa uwanjani. Maisha mema tunayokutakia yataanzia hapo, saa kumi na mbili jioni. Taa zitakuwa zimewashwa, na safari hii watu wamo. Njoo mikono mitupu.