Mipira Kumi na Sita ya Stoo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu wazazi mliofika na mliotuma udhuru, na nyinyi wajukuu zangu mliopangwa hapo mbele kimya kama magunia: nawasalimu.

Nimeambiwa niseme dakika tano, niage, nikabidhi ufunguo wa stoo, nikakae. Miaka kumi na tisa nimefagia shule hii, na hakuna aliyewahi kuniambia nikakae. Leo ndiyo mmekumbuka.

Nianze na pongezi. Ni shule ngapi ndogo kama hii zenye mipira kumi na sita? Sisi tunayo, ya miguu na ya wavu, na tangu iletwe hakuna uliopotea wala ulioonja tope. Kila Ijumaa nafungua stoo, naifuta vumbi, nafunga. Nilipomuuliza Mwalimu Mkuu itachezwa lini, akanijibu kwa upole wake kwamba inatunziwa wakaguzi, wasije wakakuta shule haina mipira. Nikasema sawa, baba; kumbe mpira nao ni kama sahani za wageni. Wakaguzi wakaja, wakaitazama, wakasifu, wakaenda zao. Nikaifuta tena.

Na asiwadanganye mtu kwamba watoto wetu hawafanyi michezo. Wanafanya kila Jumatano, tena wakiwa wamekaa. Mimi napiga deki nje ya darasa, nasikia: faida za mazoezi, moja, huimarisha moyo. Wanaandika mpaka faida ya kumi na mbili, na atakayeinuka kitini bila ruhusa anapigishwa magoti. Uwanja uko pale dirishani, nyasi zimefika kiunoni, na mwenye namba ya kudumu ni mbuzi wa jirani.

Mjukuu wangu yule wa mstari wa pili, msimgeukie, ana haya, alipata tisini na nane kwenye mtihani wa faida hizo. Wiki iliyofuata akatumwa daftari la mahudhurio ghorofa ya pili. Nilimkuta katikati ya ngazi, amekaa, mkono kifuani, anahema. Yeye ana miaka kumi na mmoja. Mimi nina sitini na nane, na nilikuwa napanda na ndoo mbili.

Mama yake alilia njia nzima hadi zahanati. Muuguzi akampima moyo, akampima kifua, kisha akanitazama mimi. "Bibi, mtoto huyu haumwi. Hajazoea kujongea tu." Na ufunguo wa stoo ulikuwa umening'inia kiunoni mwangu.

Sasa nasikia kuanzia Jumatatu hata kile kipindi cha Jumatano cha kuandika faida kinageuzwa hesabu za ziada, na leo wazazi mtainua mikono kukubali. Kuinua mkono nako ni mazoezi, na wengine wenu naona yatawafaa. Baba mmoja amenieleza hapo getini kwamba mwanawe atakuwa daktari, hana muda wa kukimbiakimbia. Nikamuuliza, mgonjwa akizidiwa ghorofani, ateremke yeye kumfuata daktari?

Mwalimu Mkuu, usinikunjie uso, mwanangu. Ulikuja hapa kijana, shati nje, ukicheza na watoto mpaka kengele inawakuta uwanjani. Siku moja mliingia na tope kwenye baraza niliyotoka kuideki, nikakugombeza mbele yao. Nilisema, "Tope lenu nisilione tena." Nawe una utii jamani, hujaniletea mpaka leo. Hilo kosa ni langu, nimeligundua nikiwa nimeshazeeka, na ninaliombea radhi mbele ya watu wote hawa.

Kwa hiyo ufunguo siukabidhi, maana hauna kazi. Kufuli nimelifungua asubuhi. Fundi baiskeli amejaza mipira upepo. Kumi na miwili imekubali, minne imeoza kwa kutunzwa. Wazazi, kabla hamjainua mikono, tazameni nyuma yenu. Nyasi za uwanja mwanangu wa kumzaa amezifyeka tangu alfajiri, na mbuzi ameshapewa taarifa. Anayerithi fagio langu nimemwonya kwamba tope la watoto hufagiliwa, haligombezwi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wewe wa mstari wa pili, inuka, mama, wa kwanza kuucheza mpira uwe wewe. Na nyinyi wengine mnangoja ruhusa ya nani?