Mtoto wa Chumba cha Gundi

Don Baltazar hakuwa na nia mbaya. Asubuhi ile ya baridi El Porvenir, mtaa wa mafundi viatu, fundi viatu huyu alikuwa amekalia benchi lake la kila siku, mkabala na mkokoteni wa Mama Hermelinda, muuza kinywaji cha moto cha shayiri. Akamwona Noemí anakuja na kifurushi cha blanketi kifuani, kidogo, kinachezacheza. Baltazar, ambaye mdomo wake ulishamponza Bolivia na Chile yote, akapaza sauti:

— Jirani! Simbilisi huyo ni wa kufuga au wa sufuria?

Noemí akafunua blanketi. Ulikuwa uso wa mtoto.

Glasi ya shayiri ikaganda katikati ya goti na mdomo. Baltazar alitamani lami ipasuke immeze, na viatu vyake.

— Nisamehe, binti yangu. Macho ya uzee haya. Kumbe ni njiti?

— Njiti wapi! Miezi tisa na wiki juu. Kazaliwa kilo mbili kasoro. Leo ana siku arobaini, nguo za mwanasesere zinampwaya.

— Yesu na Maria! — Mama Hermelinda akaangusha kijiko. — Mwezi ulipopatwa wewe ulitoka nje bila utepe mwekundu tumboni. Sema kweli!

— Nilikuwa ndani, mama. Mimba nzima nilikuwa ndani.

Hapo Profesa, aliyekaa benchi hilohilo, akakohoa. Profesa ni mkata ngozi; darasa la tano lilimshinda, lakini hakuna jambo asilolijua.

— Ni uchu. Alitamani tunda, mume akabana. Mtoto akasusa kukua.

— Mume wangu alileta matunda mpaka nikayachukia.

— Basi ni milima, — akasema Baltazar, akitafuta njia ya kurudisha heshima. — Nimekaa La Paz mimi. Kule juu hewa haba, watoto wanatoka wadogo.

— Mzee, hapa na baharini ni pua na mdomo. Hewa yetu nani kaibana? — akauliza Noemí.

Baltazar akanywa shayiri, ikamuunguza ulimi. Profesa akasimama kabisa, kidole juu.

— Nimepata! Noemí alikuwa anagundisha soli kwako, sivyo? Na wewe unashona viatu vya watoto wa chekechea, namba ishirini na nne. Miezi tisa anavitazama vile viatu. Tumbo limechukua kipimo!

— Ningejua ningeshona mabuti ya wachimba migodi!

Wakacheka wote watatu. Noemí hakucheka. Kicheko kikafa kimoja kimoja, cha Baltazar mwisho.

— Natoka zahanati, — akasema Noemí. — Nesi hakuniuliza mwezi wala tunda. Aliuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nagundisha. Akauliza: dirisha liko wazi?

Baltazar akatazama ncha za viatu vyake. Mtaa mzima uliijua amri yake: dirisha lifungwe, mlango ufungwe, upepo usilete mchanga kwenye gundi mbichi.

— Kasema hawezi kuapa kwa mtoto mmoja, — Noemí akaendelea. — Ila ule mvuke wa gundi unaotulewesha unaingia kwenye damu, na mtoto anakula damu hiyohiyo. Kawaona wengi wa hivi. Wote wa mafundi viatu.

— Mungu wangu, — akanong'ona Mama Hermelinda. — Na mimi nilikuwa nasema unatembea kama mlevi kwa sababu ya mimba.

Profesa, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, akashusha kidole, akaketi.

— Sasa na mimi nauliza, Don Baltazar. Kiti changu kwenye chumba cha gundi kakalia nani?

Hakuna asiyejua. Alikuwa Griselda, binti wa mwisho wa Baltazar, mimba ya miezi sita. Asubuhi hiyo baba yake mwenyewe alimfungia mlango kabla ya kuja kunywa shayiri, akamwambia asiufungue. Mzee akaweka glasi chini. Akainuka, akaketi, akainuka tena.

— Naenda kufungua dirisha. Sasa hivi! Tena na mlango. Ila shule zinafunguliwa wiki ijayo, oda haijaisha, nani atagundisha nikimtoa...

— Wewe huna mimba, Don Baltazar. Kagundishe mwenyewe.