Sauti Arobaini na Moja

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Mshonaji: Ni mimi, shemeji yako. Salio langu la kuungaunga, kwa hiyo—

Fundi: Aa, shemeji! Habari za cherehani?

Mshonaji: Inakwenda. Iliyonigomea ni hii kompyuta uliyoirudisha jana.

Fundi: Ni ileile ya marehemu kaka. Nimebadilisha mfumo tu, ule wa zamani ulikuwa hoi. Inakugomea nini?

Mshonaji: Kila kitu kimehama. Ni kama kuingia jikoni kwako ukute mtu kapanga vyombo upya. Vipimo vya wateja nimeviona. Kitufe cha kuanzia ndicho sikioni pale pembeni.

Fundi: Siku hizi kinakaa chini, katikati. Utazoea. Zile sauti za kaka umezipata?

Mshonaji: Ndizo natafuta. Zote arobaini na moja, alizorekodi kabla pumzi haijamwishia. Kila asubuhi nilikuwa natoa moja, nasikiliza, nairudisha mahali pake.

Fundi: Zimo. Nilihamisha kila folda. Ukizipata nitumie ile anayonicheka mimi na pikipiki yangu— [mtandao unakwaruza] Haloo?

Mshonaji: Nipo. Pipa la taka liko wapi?

Fundi: Palepale, juu kushoto. La nini?

Mshonaji: Nataka kujua kila kitu kinakaa wapi. Ulipokuja kuibeba nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja, sikuwahi kukuuliza.

Fundi: Libofye mara mbili.

Mshonaji: Limefunguka. Halina kitu.

Fundi: Ndiyo, nililimwaga kabla sijaanza. Lilikuwa limejaa, mafaili arobaini na kitu.

Mshonaji: Yakishamwagwa, yanarudi?

Fundi: Na mfumo mpya juu yake? Hapana. Kwani vipi?

Mshonaji: Nauliza tu.

Fundi: Umenikumbusha kaka. Ule ufunguo wa duka aliokuwa akiuficha kwenye ndoo ya takataka! Eti watoto hupekua nyumba nzima ila—

Mshonaji: Shemeji.

Fundi: —ila humo. Shemeji. Yale mafaili—

Mshonaji: Yalikuwa takataka. Picha za mitindo ya zamani.

Fundi: Niambie kweli. Sauti zake alikuwa anaziweka wapi?

Mshonaji: Nitaziona. Si umesema nitazoea?

Fundi: Sikuangalia hata majina. Nilibofya tu, shemeji, nilikuwa naongea na mteja huku—

Mshonaji: Ulinisaidia. Ilikuwa inakwamakwama, sasa inawaka upesi.

Fundi: Nakuja sasa hivi.

Mshonaji: Usije. Umekula?

Fundi: Bado.

Mshonaji: Kula kwanza. Salio linaisha. Hicho kitufe ulisema kiko wapi vile?

Fundi: Chini. Katikati.

Mshonaji: Chini, katikati. Nimekiona. Na ile ya pikipiki, alikuwa anasema kwamba wewe—

[Salio limekwisha.]