Maneno Machache Juu ya Faili la Fundi Subirini

Mheshimiwa Msajili Mkuu, Mheshimiwa Naibu Msajili, wakuu wa vitengo, shemeji yetu mke wa mstaafu pamoja na watoto mliokaa hapo mbele, wafanyakazi wenzangu wa madirisha yote manane, na ninyi ndugu wananchi mliofuata vyeti mkakuta sherehe mkaona mkae: salamu nyingi. Hamjambo? Afya zenu zikoje? Nauliza kwa moyo, maana katika ofisi hii ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, mtu akijibu "sijambo" tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba habari zake hazijaletwa dirisha la nane.

Mshereheshaji ameniambia, "Mama, sema maneno mawili ukae." Nimemwitikia kwa adabu, lakini yeye mwenyewe anajua amejitakia. Shule yangu si ndefu. Mengi nimejifunzia kwenye kiti cha dirisha la tatu, panapoandikishwa watoto, kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo nikikosea jina la kitu cha kompyuta, msicheke kwa nguvu; chekeni kwa chini, kama mnavyofanya siku zote.

Tumekuja kumuaga Fundi Subirini. Jina lake la cheti limo humu mashineni, lakini ni nani kati yetu amewahi kulitumia? Unampigia simu kwamba kompyuta imegoma, anakujibu neno moja tu: "Subirini." Hata ukiwa peke yako chumbani, anakupa wingi, kana kwamba umekaa na ukoo mzima.

Leo anastaafu, na Jumatatu faili lake linapelekwa chuo cha ufundi, ambako wameomba akawafundishe vijana. Miaka ishirini na sita ndani ya faili hilo ni safi kama shuka la harusi, isipokuwa karatasi moja. Ni barua ya onyo ya mwezi wa tatu mwaka huu, inayosema kwamba alizembea kuitunza mashine kuu kwa wiki tatu nzima, na kwamba alikaidi amri ya mkubwa wake. Chuo wakiisoma, watamchukua? Mimi ningekuwa chuo, nisingemchukua. Yeye hajalalamika, ni mkewe aliyeniambia juzi, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi mzee anaamka asubuhi anakaa tu kitandani, kavaa kiatu kimoja. Basi mimi leo nina maneno juu ya karatasi hiyo. Naibu, tafadhali usinune, sijafika kwako bado.

Mnaikumbuka ile hali? Kutafuta jina la zamani ilikuwa kufumba na kufumbua. Ulitaka marehemu wa miaka thelathini nyuma, huyo hapo, na jina la baba yake. Lakini kuandika jina jipya! Unabonyeza pa kuhifadhi, kiduara kinaanza kuzunguka, nawe unazunguka nacho. Mama mmoja alikuja kwangu na mtoto amelala. Alipoondoka mtoto alikuwa ameshaamka, amenyonya, amelia, amelala tena. Dirisha la ndoa, bwana harusi mmoja alipewa dakika nne za kufikiri upya, na wote tulimwona anautazama mlango. Bibi harusi akamshika koti: "Wewe! Inayosita ni mashine. Wewe umeshakubali. Kaa chini!"

Kila mtu alikuwa daktari. Wengine walisema virusi, wengine wakasema mashine imechoka inunuliwe mpya, na mimi nikasema tuombe. Fundi akasema mnachokijua. Akaanza na waya. Kisha, akiwa mezani kwake ghorofani, akachukua faili moja nene la picha, akalisoma kutoka mashineni: dakika moja. Akaliandika humo humo: dakika arobaini. Akaniambia, "Waya hauna kosa, mama. Waya mbovu ungechelewesha vyote, kusoma na kuandika. Hapa kinachoumwa ni kuandika peke yake."

Akaenda kwenye diski. Ziko sita, na alinieleza kwamba zimefungwa pamoja ziishi kama ndugu wa tumbo moja: mmoja akifa, watano waliobaki wanaweza kusimulia yote aliyoyajua. Akazipima moja moja kutoka mezani kwake, zote nzima. Siku zinakwenda, foleni inafika barabarani, Fundi anapima. Mpaka siku aliyokikuta kilichokuwa kikituumiza: betri. Kibetri kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, kimekufa.

Nilimuuliza, betri na kuandika wapi na wapi? Akanieleza hivi, na tangu hapo sijasahau. Ile kadi inayozisimamia diski ina daftari lake dogo la haraka. Ukihifadhi jina, inalinukuu humo mara moja, inakwambia "tayari," halafu inalipanga kwenye diski kwa nafasi yake. Betri ndiyo inayolilinda lile daftari umeme ukikatika. Betri ikifa, kadi haithubutu tena kunukuu. Kila herufi inaipeleka moja kwa moja kwenye diski zote, inasimama mlangoni, inangoja zijibu kwamba zimeandika, ndipo irudi kwako. Kwa hiyo kumbe ile mashine tuliyokuwa tukiitukana ilikuwa ndiyo karani mwaminifu kuliko sisi wote.

Betri mpya ilihitaji siku kumi kufika. Sasa Naibu, ndiyo nafika kwako. Ulimwambia ailazimishe kadi itumie daftari hivyo hivyo, bila betri. Alikataa. Alisema, "Mheshimiwa, umeme ukikatika, watoto wote wa mchana huo watakuwa hawajazaliwa." Nawe ukamjibu, maana ulikuwa umechemka, "Na foleni hii ikiniua mimi, mtaniandikisha dirisha gani?" Akasema, "La nane, mheshimiwa. Ila utasubiri kidogo."

Chekeni tu, hata yeye Naibu anacheka, nimemwona. Lakini siku ile hakucheka, na ndivyo barua ilivyozaliwa. Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika saa tano asubuhi, ukarudi saa nane. Niliangalia watoto wangu wa asubuhi ile mmoja mmoja. Wote kumi na wanne walikuwemo. Huo ndio ukaidi ulioandikwa katika faili.

Limebaki lile la uzembe. Mashine ile ni ya zamani, na kadi yake haina namna ya kusema inaumwa isipokuwa kwa mlio na taa. Ililia. Iliwaka. Je, kwa wiki tatu hakuna aliyeisikia?

Mimi niliisikia.

Ndugu zangu, chumba cha mashine na ile stoo tunayosalia saa saba mchana vimetengwa na ubao mwembamba. Fundi alikuwa likizo ya wiki moja, mkewe huyu hapa akipasuliwa jicho. Tuko katikati ya sala, tumefumba macho, tunasikia pii, pii, pii. Nikasema moyoni, leo shetani amekuja na kifaa. Nikaenda kwa mlinzi kuomba ufunguo. Akaniambia, "Mama, kule haingii mtu." Nikamwambia, "Siingii kukaa, naenda kunyamazisha tu." Akasema, "Na utanyamazishia nje?" Lakini akanipa, kwa kuwa ninamfumia sweta mtoto wake.

Nikakuta kitufe kidogo chenye picha ya kengele iliyokatwa mstari. Nikabonyeza. Kimya. Nikasema amina. Ikabaki taa ya rangi ya chungwa, inanikonyeza, na mimi ni mtu mzima, sipendi kukonyezwa. Mkobani nilikuwa na kitambaa nilichokuwa nimemaliza kufuma, cheupe, kingo za buluu. Nikaifunika ile mashine kwa mbele, kama unavyomfunika mtoto aliyelala, nikarudi kwenye sala. Na siku ile ulitolewa ushuhuda kwamba kelele za adui zimekomeshwa kwa maombi. Aliyeutoa ni mimi. Mungu anirehemu.

Fundi aliporudi likizo akakikuta kitambaa. Shemeji, nisahihishe kama naongopa. Alifika nyumbani akakwambia, "Mke wangu, wenzangu wameipamba mashine yangu kunikaribisha." Miaka ishirini na sita hakuna aliyekuwa amepeleka kitu katika chumba kile ila malalamiko. Ndiyo maana hakukigusa. Aliogopa kuharibu mapambo! Mpaka siku alipoona kimeingia vumbi, akakitoa akakifue, ndipo taa ikamkonyeza na yeye.

Alikuja dirishani kwangu. Kitambaa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Akasema, "Mama, asante kwa hiki. Ila mashine inapumulia mbele, haifunikwi." Basi. Na kwenye kikao cha kumhoji, alipoulizwa ni nani aliyezima kengele, alijibu, "Chumba ni changu." Nilikuwepo. Nilikuwa nimeinamia kikombe changu, nakoroga sukari ambayo sikuwa nimeitia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha miezi saba. Nimesali, nimefunga, nimetoa sadaka, nimefanya kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichotakiwa kufanya. Naibu, wewe sikulaumu. Uliandika kwa uliyoyajua. Fundi, usinitikisie kichwa, nilichelewa mno na leo huwezi kunizuia.

Mheshimiwa Msajili Mkuu, hii hapa karatasi nimeiandika kwa mkono wangu, nimetia sahihi, na mlinzi ametia yake. Inaeleza yote niliyoyasema. Naiweka mezani kwako. Naomba ile barua itolewe katika faili la Fundi, na kama ni lazima onyo liwe na mwenyewe, faili langu lipo, na sina chuo kinachonisubiri.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, Mungu awalinde. Mheshimiwa, faili linaondoka Jumatatu saa mbili asubuhi. Nakuomba unijibu mapema, ikiwezekana leo, kabla watu hawajatawanyika.