Ugonjwa wa Akiru Hautasomwa

Mchungaji wetu, wazee, majirani wa Burat na wa Kiwanjani, na nyinyi mliotoka Nairobi asubuhi na viatu vyeupe, sogeeni karibu, maana kipaza sauti hiki ni cha kuazima na betri yake si ya kuaminika. Everline Akiru Ewoi, tunayemzika leo Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, alizaliwa Gotu tarehe 14 Aprili 1988, mtoto wa kwanza wa ndugu yetu Ewoi, Mturkana, na Karambu, Mmeru, ambao ndoa yao wengi wenu mliipa miezi sita tu, na siku aliyozaliwa mvua ilinyesha mpaka mkunga akafika amebebwa mgongoni, ndiyo mtoto akaitwa Akiru, yaani mvua.

Alianza shule ya msingi Ngare Mara mwaka wa 1995, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2002, akakaa shule ya bweni Meru hadi 2006, kisha akasomea sheria Nairobi, akamaliza mwaka wa 2011, na Machi 2014 akaapishwa kuwa wakili, siku ambayo baba yake, Mungu amrehemu, alivaa suti ya kuazima na kulia mbele ya watu bila haya.

Tulitarajia wakili wa mashamba, maana hapa Burat kila boma lina kesi ya ploti, lakini tarehe 3 Februari 2020 aliandikwa na kampuni ya teknolojia, inayotengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha akina mama wajawazito siku zao za kliniki, akawa wakili wa humo ndani, kazi yake ikiwa kuhakikisha habari za akina mama hao hazimfikii mtu asiyehusika. Wengine tuliuliza kama hiyo ni kazi, mtu kulipwa mshahara ili watu wasijue kitu, na shangazi yake Apua, ambaye ndiye anayewasomea haya, aliuliza kuliko wote.

Jibu tumelipata wiki hii katika matanga, kutoka kwa Leila, aliyekaa naye ofisi moja miaka mitano. Mwezi wa Juni 2023 wauzaji wa maziwa ya unga waliiomba kampuni orodha ya akina mama na tarehe zao za kujifungua, wakubwa wakakubali, karatasi ikabaki kungoja sahihi ya Akiru, naye akakataa, akaitwa katika mkutano wa watu tisa, akaelezwa kwamba hayo ni majina tu na nambari za simu. Akasema, "Na yule ambaye mtoto alikufa tumboni, mtampigia kumuuzia maziwa?" Orodha haikutoka, lakini tangu siku hiyo hakupandishwa cheo, meza yake ikahamishiwa karibu na ngazi, na nyumbani hakutuambia hata neno moja.

Alifunga ndoa na Bwana Kinoti Jumamosi tarehe 9 Desemba 2017, wakajaliwa binti mmoja, Karambu, aliyepewa jina la nyanya yake, tarehe 22 Agosti 2018, na mwaka wa 2021 wakaachana kwa heshima. Kuachana huko kulitangazwa sokoni Isiolo na shangazi Apua kabla hata ya kwisha, na tarehe 3 Mei mwaka huo shangazi akapokea kutoka kwa Akiru barua ya chapa, yenye maswali yenye nambari: habari hii uliipata kwa nani, umempa nani na nani, lini, na kwa sababu gani, na agizo kwamba aende kwa kila mmoja amwombe aiache hapo ilipofika. Shangazi aliishia darasa la nne, na barua ilikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo alimpelekea jirani yake Nasteha wa Kiwanjani amsomee, na Nasteha, ambaye alikuwa bado hajasikia, akawa mtu wa kumi na tano kuipata habari hiyo. Akiru hakumpigia shangazi simu kwa miezi kumi na moja.

Kwa hivyo alipoanza kuugua Machi mwaka huu, na kumwita Apua, si mwingine, aje akae naye, ukoo mzima ulishangaa, na shangazi mwenyewe alimuuliza sababu. Alisema, "Shangazi, nikikuambia wewe peke yako, ikitoka nitajua ilikotoka." Akamwambia jina la ugonjwa, akamwomba lisisomwe kaburini, maana Karambu ana miaka saba, na shuleni mtoto hupewa jina la kitu kilichomuua mama yake.

Jumatatu wazee wa ukoo walikaa, wakasema historia ya marehemu bila ugonjwa ni aibu, watu watabuni lao, na ni kweli mmebuni, tumesikia uchawi, tumesikia sumu, tumesikia mambo ya Kinoti, na shangazi ameulizwa hata jikoni akichambua mchele. Wazee walitaka hapa pasomwe jina la ugonjwa. Hapa panasomwa hivi: Akiru aliugua miezi minane, akatibiwa, akavumilia, na akafariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono. Mengine ni ya Karambu, na akifika umri wa kuuliza ataambiwa yeye kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hatutaji hospitali yao, kwa sababu mkijua hospitali mtauliza ni wodi gani, tunamshukuru Mzee Guyo kwa gari, Nasteha na akina mama wa Kiwanjani kwa chakula cha siku kumi, Leila na wenzake wa kazini, na Bwana Kinoti aliyechimba kaburi hili pamoja na vijana, bila kuitwa.

Shangazi anatoka hapa na neno ambalo hakuna wa kulisema naye, maana mtu pekee aliyekuwa akilizungumza naye ndiye huyu tunayemfukia. Pumzika kwa amani, Akiru, binti wa Ewoi, mama Karambu.