Gitaa la Mwalimu Tomaso Werema wa Kenyamonta

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, mama zetu, walimu, na wanafunzi mliotembea kwa miguu kutoka Ringwani, mimi ni Nikodemo Marwa, mdogo wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu ukoo unasema mdomo wangu hauchoki. Juu ya meza mnaliona gitaa lake, ambalo jana wazee waliamua kwamba kwa mila ni langu, ila nikimaliza kusoma nitamke mbele yenu kama nalichukua au namwachia binti yake Gati, na mnaonijua mnajua nimelitaka gitaa hilo miaka kumi na minne.

Marehemu Tomaso Werema Mseti alizaliwa hapa Kenyamonta mwezi wa Aprili 1917, mtoto wa tatu wa mzee Mseti na mama Mogesi, mimi nikamfuata miaka minne baadaye, na tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa kumfuata. Alianza shule ya misheni mwaka 1928, akamaliza darasa la sita mwaka 1934, akasomea ualimu Musoma, akaanza kufundisha Januari 1937. Mimi niliishia darasa la pili, lakini hakuna aliyelijua darasa hilo kama mimi, maana nililisoma mara tatu.

Januari 1941 aliingia jeshini, baadaye akapelekwa Nanyuki kulinda mateka wa Kitaliano, na mmoja wao, seremala aliyeitwa Renato, akamfundisha kusoma nota na kupiga gitaa kwa vidole, kila kidole na kazi yake, muziki mtupu usio na maneno. Ndugu zangu, mimi nimefika Kampala, Mombasa, na Bombay kwa meli nikimenya viazi, nikarudi na malaria na kofia, yeye alikaa mahali pamoja akitazama seng'enge, akarudi Desemba 1945 na gitaa alilochongewa na Renato kwa mkono wake, watu wakaja kumwona kutoka vijiji sita, nami nikasimama kando na kofia yangu, hakuna aliyeiuliza.

Alifuga kucha za mkono wa kulia, akizisugua kwa jiwe laini, na siku alipojaribu kukamua, ng'ombe alimpiga teke kibuyu kikapasuka, baba akasema, "Tomaso aache, Nikodemo atakamua," basi nikakamua zamu yangu na yake, nikimsikia ndani akirudia mstari mmoja wa nota mpaka ndama wakaujua.

Tarehe 23 Novemba 1946 alifunga ndoa na Teresia Mokami wa Ringwani, kwa ng'ombe wa mahari ya dada yetu Veronika, ng'ombe ambao mimi nami nilikuwa nimeshawaota. Kabla ya ndoa alichinjwa mbuzi ili wazee wasome matumbo yake na kutabiri maisha ya maharusi, kama ilivyo desturi, lakini nyuzi mbili za gitaa la Tomaso zilikuwa zimekatika, na nyuzi za gitaa lile hutengenezwa kwa utumbo, basi wazee walipoketi na kuuliza utumbo uko wapi, bwana harusi akajibu kwa adabu zote, "Uko juani, wazee wangu, nimeuanika." Wakaukuta umeoshwa, umesokotwa, umevutwa kutoka nguzo hadi nguzo, mzee Waitara akautembelea kwa macho mwanzo hadi mwisho, akasema, "Miaka arobaini nasoma matumbo, sijaona maisha yasiyo na kona hata moja," akamtoza mbuzi wa pili, na wa pili naye Tomaso akauomba utumbo wake. Walijaliwa watoto watatu, Gati mwaka 1947, Simioni mwaka 1950 na Efrazia mwaka 1954.

Alirudi kufundisha Januari 1947, akafundisha gitaa wanafunzi zaidi ya arobaini, akatunga vipande kumi na kimoja, na watu walipomaliza kumsikiliza walimwuliza, "Mwalimu, ni nzuri sana, sasa wimbo wenyewe unaanza lini?" Mimi nilimwomba anifundishe mwaka 1948, akanijaribu siku moja tu, akasema, "Nikodemo, vidole vyako vinafika kabla yako." Agosti 1954 aliitwa Nairobi kupiga redioni dakika kumi na mbili, tukajazana dukani Tarime kumsikiliza, nikawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, wakaniamini, mpaka mke wangu Christina akasema, "Huyu? Huyu hata mluzi unamshinda."

Machi mwaka huu alianza kuugua kifua, akalazwa Tarime mwezi wa Juni, kisha Musoma, na hata kitandani aliendelea kumfundisha Gati, akimgongea vidole juu ya blanketi. Tarehe 20 Septemba nilikaa naye, nikamwambia wazi kwamba nimemwonea wivu maisha yangu yote, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Na mimi je? Ukisimulia safari zako baba alikuwa anacheka mpaka machozi, nikipiga mimi anasinzia." Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 8 Oktoba 1959, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na Musoma, walimu wenzake waliomfundishia madarasa yake miezi saba, na majirani waliotuletea kuni, maziwa na unga bila kuitwa.

Sasa lile neno. Asubuhi nililishika gitaa nikiwa peke yangu, nikapiga, na mbwa akatoka nje. Kisha Gati akaingia, hakunicheka, akaukaza uzi mmoja uliolegea, akapiga kile kipande cha baba yake cha mvua ya Ringwani, na wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha kutwanga. Nikamwonea wivu, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikajua wivu huu umepata mtu mwingine wa kumfuata. Wazee, gitaa ni la Gati. Mwanangu, njoo ulichukue mwenyewe hapa mezani, maana nikilibeba mimi kukuletea sitafika.

Kaka yangu Tomaso, Mwalimu, pumzika kwa amani, na huko uliko, baba akisinzia, usimwamshe.