Barua ya Mama Namba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye jina lake halijawahi kutajwa redioni. Alikuwa dobi wa hospitali. Kwa miaka thelathini na moja alifua mashuka, huko chini kabisa, kwenye chumba cha mvuke kisicho na dirisha. Watu walimwita Mama Namba.

Kusoma hakujua. Alizijua tarakimu tu. Basi kila shuka alilidarizi namba ya kitanda pembeni, kwa uzi mwekundu. Likishuka kufuliwa, anajua limetoka kwa nani.

Asubuhi moja, mashuka ya kitanda cha kumi na nne, wodi ya wazazi, yalishuka mara tatu kabla ya saa nne. Yote yamelowa damu. Zamu zilikuwa zinabadilishana, kila muuguzi ameona shuka moja tu. Matatu yote aliyaona dobi peke yake. Jamani, alipanda ngazi mbiombio, mikono inachuruzika sabuni.

"Nyie! Wa kumi na nne anaisha!"

"Wewe dobi, nani kakutuma huku?" Huyo ni muuguzi mkuu, mama mkali asiyetaka mchezo.

Lakini walimfunua mgonjwa. Alikuwa ameshaanza kupoa. Wakahangaika naye, akapona, akarudi nyumbani na mwanawe.

Wiki iliyofuata dobi akapewa barua. Akaitia kifuani, akaenda nayo nyumbani uso umemjaa furaha. Alikuwa ameuona muhuri.

"Mwanangu, hospitali wameniandikia. Hebu nisomee."

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka kumi. Akaisoma kimoyomoyo kwanza. Ilikuwa barua ya onyo, wasikilizaji. Barua ya onyo! Eti ameacha kituo chake cha kazi, ameingilia kazi ya wauguzi, asithubutu kupanda tena wodini.

"Nikamtazama mama," anasimulia binti huyo, ambaye sasa ni mtu mzima. "Ameshanawa, amekaa kitako, ananisubiri. Onyo lile sikumsomea. Nikatunga yangu."

Mama akafurahi mno. Barua ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa ukutani. Kila mgeni akifika, binti anaitwa asome. Naye anasoma yale yale, neno kwa neno, roho juu, akiomba mgeni asije akasogea karibu na ukuta.

Na dobi je? Aliendelea kupanda ngazi. Mara sita nyingine tunazozijua, namba nyekundu zilimpandisha wodini, na mara zote sita hakukosea. Muuguzi mkuu akaufyata, onyo la pili hakuandika.

Mwezi uliopita Mama Namba aliugua, hali ikawa mbaya. Muuguzi mkuu, naye amestaafu, akaenda kumjulia hali. Akainua macho ukutani. Akaiona sahihi yake.

"Sista, unaikumbuka barua yenu?" mgonjwa akamuuliza, anatabasamu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anatikisa kichwa taratibu, macho yanamsihi mgeni.

"Naikumbuka, mama," akajibu Sista. Kisha akatoka nje, akalia.

Uani binti akamweleza yote. Sista akajifuta machozi. "Miaka yote ile nilidhani ni kiburi. Kumbe alikuwa ananitii! Uliisomaje? Nitajie, nisikose hata neno moja."

Sista akayaandika. Akaenda nayo hospitali, wakayapiga chapa kama barua na kuigonga muhuri. Aliporudi, Mama Namba alikuwa ameshafariki, tangu alfajiri. Inauma, wasikilizaji. Inauma sana. Lakini maneno yenyewe hayakuwa mageni kwake.

Sista aliisoma barua hiyo kaburini. Sasa ndiyo iliyo kwenye fremu.

Kwa binti wa marehemu, na kwa madobi wote wa hospitali ile, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza, pale unapofanyia kazi yuko mtu wa chini yako aliyeona jambo usiloliona wewe. Siku aliyokuja kukwambia, ulimjibu nini?

Binti ameturuhusu tuisome barua. Ni fupi, ni ya mtoto wa miaka kumi:

"Mama, hospitali inakushukuru kwa kupanda ngazi. Yule mama yuko hai kwa sababu yako. Ukiona damu nyingi tena, usiogope mtu. Panda."